Nusu Saa ya Kila Mgonjwa

Wodi ya figo ilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali ya mji, mwisho kabisa wa korido, mkabala na chumba cha kufulia. Kabla ya vita ilikuwa na mashine nne na wagonjwa ishirini na saba, watu ambao figo zao zilikuwa zimeacha kazi. Kila mmoja alikuja mara tatu kwa wiki, akalala saa nne na sindano mbili mkononi. Damu ilitoka kwa mpira mmoja, ikapita kwenye mashine, ikasafishwa, ikarudi kwa mpira wa pili. Mtu akikosa wiki mbili hivi, ndugu zake huanza kuitana.

Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyohitaji simu. Walimwita Kamanda. Jina alilipata zamani, siku alipomfuma mgonjwa mmoja akimenya ndizi ya pili kitandani, na ndizi kwa mtu asiye na figo ni kama sumu. Aliinyakua mkononi mwake kabla haijafika mdomoni. "Huyu si muuguzi," yule mgonjwa akalalamika kwa wenzake, "huyu ni kamanda wa kikosi." Jina likaganda, hata daktari akawa analitumia. Mwenyewe alijifanya kulichukia, lakini akiitwa Sista alichelewa kuitika.

Vita vilikuja kwa sababu ya Ukanda. Ukanda ulikuwa vilima na mashamba, urefu wake mwendo wa siku moja kwa mguu, na nchi zote mbili zilikuwa zimeupaka rangi yao kwenye ramani kwa miaka sitini. Watoto wa upande huu walifundishwa kwamba ni wetu, wa upande ule wakafundishwa vivyo hivyo, na wakulima wa Ukanda wenyewe walipanda na kuvuna bila kuulizwa. Halafu mwaka ule majeshi yakaingia, kila moja likisema linajibu uchokozi wa mwenzake. Kutoka Ukanda hadi mjini ni kilomita thelathini, na makombora ya siku hizi hayaoni kilomita thelathini kuwa ni safari.

Wenye uwezo waliondoka. Wagonjwa wanane wa figo walipata nafasi katika hospitali za miji ya ndani. Kumi na tisa hawakupata, kwa kuwa huko nako mashine zilikuwa zimejaa. Kamanda naye aliitwa. Binti yake alikuwa ameshahamia mji wa ndani na mtoto wake mchanga, na alipiga simu karibu kila asubuhi.

"Mama, njoo. Kitanda kipo, chumba kipo."

"Nani atawachoma sindano huku?"

"Mama, hao wagonjwa wana ndugu zao."

"Ndugu zao hawajui kuchoma. Mbusu mjukuu wangu, ninaingia kazini."

Ikawa hivyo kwa miezi. Mwezi wa pili bomba kuu la maji lilipigwa. Mashine ya figo bila maji ni kabati tu, maana kwa kila mgonjwa inahitaji mapipa ya maji yaliyochujwa mpaka hayana hata ladha. Aliyewaokoa ni Fundi, mwanamume mwembamba wa maneno machache, aliyekuwa ameonekana miaka yote kama sehemu ya chumba cha maji, pamoja na matenki na pampu. Alifunga vichujio viwili vya ziada, akapunguza kasi ya mashine ili zinywe kidogo, akaenda mwenyewe kwa wenye malori ya maji kuwabembeleza. Mashine ya nne ilipokufa, aliifungua akagawa vipuri vyake kwa zile tatu. Umeme nao ukawa wa jenereta, saa nane kwa siku, wala si dakika moja zaidi, kwa kuwa dizeli ilipimwa na hospitali nzima iliitegemea.

Kamanda akapunguza. Mara tatu kwa wiki zikawa mara mbili, saa nne zikawa tatu. Aliwaambia wagonjwa wanywe kikombe kimoja na nusu cha maji kwa siku, na aliwajua wote vizuri mno kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumdanganya kuhusu kikombe. Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane, ndiye aliyemchorea ratiba mpya kwa rula na penseli ya rangi. Ilibandikwa ukutani. Kila mashine ilikuwa na mstari wake, kila mtu kisanduku chake, na katika wiki nzima zilibaki saa kumi na moja tu ambazo hazikuwa na mwenyewe. Hizo waliziweka akiba, kwa siku ambazo king'ora kingewakatiza.

Hali ilikuwa hiyo asubuhi ya Jumatano moja, mwezi wa nne wa vita, gari la wagonjwa la jeshi lilipoingia uani likirudi kinyumenyume.

Askari wawili walishusha machela, sajini akiwafuata na bunduki. Walipofika mlangoni mwa wodi, Mwalimu, ambaye alikuwa kwenye mashine ya kwanza, aliinua kichwa akaita, "Kamanda! Umepata wageni!" Sajini akasimama wima papo hapo, mkono kwenye paji la uso, akigeuka kumtafuta mkubwa wake. Aliyemwona ni mama mfupi aliyevaa kandambili za plastiki, na beseni mkononi.

"Teremsha mkono, mwanangu," Kamanda akasema. "Nani huyo?"

Huyo alikuwa kijana wa upande ule. Handaki lilikuwa limemwangukia huko Ukanda, na alikaa chini ya mbao na udongo saa kumi na moja kabla ya kuchimbuliwa, tena na askari wa upande huu. Miguu haikuvunjika, ila nyama ilikuwa imepondwapondwa. Daktari alimvuta Kamanda pembeni, karibu na chumba cha kufulia. Alikuwa mtu wa umri wa kati, macho mekundu, na siku hizo aliongea kwa kukata maneno kama mtu anayelipia kila moja.

"Nyama iliyokufa imemwaga sumu kwenye damu. Figo zimesimama. Hajakojoa tangu jana."

"Zitaamka?"

"Ni kijana, zinaweza kuamka. Wiki mbili, labda tatu. Lakini bila mashine hafiki Ijumaa. Na si mara mbili kwa wiki. Kila siku, saa nne."

Kamanda alitazama ratiba kupitia mlango uliokuwa wazi. Hakuwa hodari wa hesabu, lakini hiyo ilikuwa rahisi. Siku sita za kazi, kila siku saa nne, ongeza nusu saa ya kuosha na kufunga mipira, ni saa ishirini na saba kwa wiki. Yeye alikuwa na kumi na moja.

"Hospitali ya jeshi?"

"Hawana mashine. Wamemleta kwa sababu sheria ya mateka inawataka wamlete. Ukisema hakuna nafasi, nitaandika hivyo, na hakuna atakayeuliza."

Alisema kweli, hakuna ambaye angeuliza. Kamanda alisimama pale na beseni lake. Wodi yake haikuwa na mtu ambaye vita havikumgusa, na yeye mwenyewe usiku uliopita alikuwa amelala kwenye ngazi za jengo lao kwa sababu ya makombora ya wenzake na kijana huyu. Hakuhisi huruma. Baadaye alipoulizwa, alisema hivyo bila kuona haya: alihisi hasira, na kuchoka, na kutamani wale askari wangekuwa wamepotea njia.

"Mlete mashine ya tatu," akasema. "Na wewe nenda kalale saa moja, utamchoma mtu pua badala ya mkono."

Lakini hakumfunga kabla ya kusema na wenye mashine. Wagonjwa sita walikuwa wodini asubuhi hiyo, wawili wakiwa wamefungwa na wanne wakisubiri kwenye viti. Alisimama katikati yao.

"Sikilizeni. Yule pale ni mateka, askari wa upande ule. Figo zake zimesimama. Nitamweka kwenye mashine kila siku mpaka ziamke au afe. Siwaulizi kama mnakubali, hilo si lenu kuamua na sitaki mlibebe. Ninawaambia litawagharimu nini, msije mkalisikia korido. Kila mmoja wenu atapoteza nusu saa. Tatu zitakuwa mbili na nusu. Miguu itavimba zaidi, mtachoka zaidi, na maji sasa ni kikombe kimoja. Kama nusu saa hiyo itaua mtu, sijui. Daktari naye hajui. Nimemaliza."

Mwalimu akaomba penseli. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na sindano, kwa hiyo aliandika kwa wa kulia kwenye mgongo wa kitabu alichowekewa kifuani. Kumi na tisa mara mbili ni thelathini na nane. Thelathini na nane mara nusu ni kumi na tisa. Kumi na tisa na kumi na moja ni thelathini.

"Inatosha," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahihisha mtihani. "Na tatu zinabaki kwa ving'ora. Kamanda, nichoree kwanza mimi hiyo mbili na nusu, ili wengine wasione unaanza na wanyonge."

Bi Mshonaji alikuwa mmoja wa wale wanne waliosubiri, mama wa miaka sitini aliyekuwa na duka la cherehani karibu na soko. Mwanawe wa pekee alikuwa ameuawa Ukanda mwezi wa pili wa vita. Kamanda alikuwa akimwogopa yeye tu tangu alipofungua mdomo. Bi Mshonaji alishasimama kwenye mizani, alishakunja mkono wa gauni kwa ajili ya sindano. Aliukunjua polepole mpaka kwenye kiwiko, mpaka kwenye kifundo, akafunga kifungo. Akachukua mkoba wake, akapita mbele ya ile machela bila kuitazama, akaenda zake.

"Bi Mshonaji!" Kamanda akaita. "Bi Mshonaji, mwenzangu!"

Mlango wa korido ukagonga.

Kamanda alimfunga mateka mwenyewe. Daktari alikuwa ameshapitisha mrija kwenye mshipa wa shingo, na yeye aliuzungushia plasta ili usicheze. Kijana alikuwa na macho wazi lakini hakujua yuko wapi. Alipomaliza, Kamanda aliona kwamba plasta aliikaza kuliko ilivyohitajika, ngozi ilikuwa imekunjamana. Alisimama akiiangalia. Kisha akaibandua, akaanza upya, safari hii taratibu.

Ijumaa, siku ya pili ya Bi Mshonaji katika ratiba, kisanduku chake kilikaa wazi. Jumatano iliyofuata hakuja tena. Simu yake iliita bila kupokelewa. Tangu mashine imsafishe mara ya mwisho zilikuwa zimepita siku kumi na mbili, na kila mtu wodini alijua hesabu hiyo, ingawa hakuna aliyeitaja. Saa tatu asubuhi Kamanda alimwachia msaidizi wake ufunguo, akachukua kiti cha magurudumu kilichokuwa korido, akatoka nacho getini.

"Unaenda wapi na kiti?" mlinzi akashangaa.

"Kutembeza hewa."

Ilikuwa kilomita mbili na kidogo. Barabara ya soko ilikuwa na mashimo, vioo vilisagika chini ya magurudumu, na watu wachache waliokuwa wamejipanga kwenye duka la mikate waligeuka kumtazama mama aliyesukuma kiti kitupu mbio mbio. Alimkuta Bi Mshonaji katika chumba cha nyuma ya duka, ameketi wima kwenye kiti kigumu kando ya cherehani. Hakuweza tena kulala, akilala maji yalimpanda kifuani. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa madogo. Kila maneno matatu alivuta pumzi.

"Umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kukupima mguu." Kamanda alipiga magoti, akabonyeza muundi kwa dole gumba. Alipoinua kidole, shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. "Unazama, Bi Mshonaji. Unazama ukiwa nchi kavu."

"Niache nizame."

"Twende."

"Kwa yule?" Alivuta pumzi. "Mwanangu hakupewa mashine. Hakupewa hata machela. Walinirudishia begi."

Kamanda alikaa sakafuni, maana magoti yalikuwa yanauma. "Najua. Nilikuwa nimesimama na wewe siku lilipokuja."

"Basi kwa nini unampa saa zangu?"

"Kwa sababu figo zake zimesimama na mimi nina mashine. Nimetafuta sababu nyingine nzuri zaidi, ya kukwambia wewe hasa. Sijaipata. Sikwambii umpende. Mimi mwenyewe simpendi."

"Na nikifa mimi?"

"Ukifa nitajua ni mimi niliyekuua, na kesho yake nitaamka niwachome wenzako sindano, kwa mkono huu huu. Usinifanyie hivyo, dada yangu. Nakuomba."

Kamanda hakuwa mtu wa kuomba. Katika miaka tisa Bi Mshonaji alikuwa amemsikia akiamuru, akifoka, akitania, akitishia, lakini kuomba hapana. Alimtazama kwa yale macho madogo. Kisha akanyoosha mkono atafutiwe viatu, na viatu havikuingia, wakaviacha.

Kurudi kulichukua zaidi ya saa nzima. Walipofika kwenye kona ya benki, king'ora kikalia, na Kamanda akasukumia kiti chini ya paa la zege la duka la vyombo, akasimama mbele yake ameupa mgongo mtaa, kana kwamba mwili wa mama mmoja mnene ungezuia chochote. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mbali. Wa pili ulitikisa masufuria dirishani. Walingoja. Vumbi lilipotulia wakaendelea, na sasa Bi Mshonaji, ambaye kuongea kulimtoa jasho, alianza kuelekeza.

"Kushoto. Kushoto! Kuna shimo."

"Nimeliona."

"Hukuliona. Umelipita juu."

"Nani anaendesha, mimi au wewe?"

"Wewe unaendesha. Mimi ndiye ninayeumia."

Waliingia wodini wote wawili wameloa jasho, na Fundi, ambaye alikuwa ametoka chumba cha maji kuona, alimnyanyua Bi Mshonaji akampandisha kwenye kitanda cha pekee kilichokuwa wazi. Kilikuwa cha mashine ya pili. Kwenye ya tatu, hatua moja na nusu kutoka pale, alilala yule mateka, na sajini aliyemlinda kwenye stuli yake.

Nusu saa ya kwanza Bi Mshonaji alipigania pumzi tu. Ya pili ilianza kumpa nafuu. Kufikia saa moja na nusu aliweza kugeuza shingo, na alichokiona kilikuwa kijana aliyechomwa na jua, mwenye ndevu za siku nyingi, ameng'ata mdomo wa chini mpaka umepauka. Kidole kikubwa cha mguu wake kilikuwa kimejipinda juu. Bi Mshonaji alikijua kidole hicho. Kila mgonjwa wa figo anakijua: mashine ikivuta maji haraka kupita kiasi, misuli inakaza, na maumivu yake humfanya mtu mzima amwite mama yake.

"Sista!" Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Kamanda! Huyu mguu unamkaza. Punguza!"

Kamanda alikuja mbio, akapunguza, akakikandamiza kile kidole kwa kiganja chake mpaka kikalegea. Kijana akaachia pumzi.

"Mwambieni aseme," Bi Mshonaji akasema, akitazama dari. "Hapa hakuna nishani ya kunyamaza."

Kijana aliigeuza shingo kadiri mrija ulivyomruhusu. Lugha yao ilikuwa moja. "Niliogopa kusumbua, mama."

Sajini aliangalia viatu vyake.

"Mwezi wa pili ulikuwa wapi?" Bi Mshonaji akauliza.

"Mwezi wa pili?"

"Wa vita. Ulikuwa Ukanda?"

"Nilikuwa nyumbani, mama. Mimi ni dereva wa lori la mchanga. Waliniita mwezi wa tatu, mwishoni."

Bi Mshonaji alifumba macho. Kamanda, aliyekuwa bado ameshika ule mguu, aliona machozi yakimtoka mwenzake kuelekea masikioni, na hakuwa na mkono ulio wazi wa kumfuta.

"Sikuuliza ili nikusamehe," Bi Mshonaji akasema hatimaye. "Nilitaka kujua tu."

"Ndiyo, mama."

Hawakuzungumza tena siku hiyo, wala hawakuwa marafiki baadaye, kama wengine walivyopenda kusimulia. Lakini hakukosa tena siku yake, na alipopangiwa mashine ya pili hakuomba kubadilishiwa.

Jumamosi, siku ya kumi na nane, sajini aliondoka kando ya kitanda cha mateka akikimbia, ameshika kikombe cha plastiki cha kupimia kwa mikono miwili kama kimejaa dhahabu. "Kamanda! Kamanda, amekojoa!"

Kamanda alikiinua kwenye mwanga. "Mililita sitini."

"Sitini!" Mwalimu alisema kutoka kitandani kwake. "Mimi huu mwaka wa sita sijaona hata kumi. Hebu kilete nikitazame."

Mtu wa mashine ya pili akaanza kucheka, kisha wodi nzima, watu waliovimba miguu, wenye kiu ya wiki kadhaa, wakacheka mpaka mashine moja ikapiga kengele kwa sababu mwenye mkono alikuwa ameukunja. Mateka alicheka pia, kwa aibu, akijifunika shuka. Bi Mshonaji hakuwapo siku hiyo. Aliposimuliwa alisema tu, "Afadhali," na akaomba asimuliwe tena sehemu ya Mwalimu.

Baada ya siku nne zaidi figo za mateka zilifanya kazi zenyewe. Walimchukua kwa lori kumpeleka kambi ya mateka. Mlangoni alimgeukia Kamanda, akitegemea fimbo, akasema, "Asante, mama."

"Kunywa maji mengi," Kamanda akamjibu. "Wewe unaruhusiwa."

Mchana huohuo alifuta mbili na nusu kwenye ratiba, akarudisha tatu.

Siku kumi na moja baadaye Mwalimu alifariki, Jumapili, kitandani kwake, moyo ulisimama akiwa usingizini. Jumatatu Kamanda alimsubiri Daktari korido.

"Ni ile nusu saa?"

"Moyo wake ulikuwa umechoka miaka mingi."

"Sikukuuliza hivyo."

Daktari aliegemea ukuta. Angeweza kumdanganya, na mtu mwingine angefanya hivyo. "Sijui, Kamanda. Na hakuna atakayejua."

Alikwenda nyumbani kwa mjane, akakaa kwenye mkeka na wanawake wengine mpaka walipopungua. Kisha akamweleza yote bila kujisitiri, mateka, saa, na swali alilomuuliza Daktari. Mjane alimsikiliza akikunja na kukunjua kitambaa.

"Aliniambia," akasema. "Alirudi siku ile amefurahi, sikuwa nimemwona hivyo tangu astaafu. Alisema amepewa hesabu ya maana, na imetoka sawasawa." Akakiweka kitambaa pajani. "Kama unataka nikwambie huna kosa, siwezi, mimi si daktari. Lakini usinambie mume wangu alinyang'anywa kitu. Alitoa."

Mtu fulani, haikujulikana nani, aliandika barua makao makuu kwamba muuguzi wa mji ule aliua raia ili kumponya adui. Walikuja mabwana wawili wenye mafaili, wakamweka ofisini kwa mganga mkuu kuanzia asubuhi. Kamanda aliwajibu kila swali, na kila baada ya dakika kadhaa alitazama saa ya ukutani, kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa wa kufunguliwa saa nne.

"Ungeweza kusema hakuna nafasi," mmoja alisema, si kwa ukali. "Hakuna sheria ingekugusa."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Mzee wangu, wodi ile ina watu ambao nchi nzima ilishawahesabu kuwa wamekufa. Nikianza mimi kuchagua nani anafaa, hao wangu watakuwa wa kwanza kuachwa, maana hawapigani, hawalimi, wanakula umeme tu. Wao wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana hakuna aliyenizuia." Akainuka. "Mtaniwia radhi, kuna mtu wa kufungua."

Waliandika, wakaondoka, na barua ya kumwachisha kazi haikuja. Ya kumpongeza haikuja pia.

Mapigano yalisitishwa mwezi wa tisa. Ukanda uligawanywa kwa mstari ambao haukupishana sana na ule wa zamani. Hapa nchi moja ilipata kilima, pale nyingine ikapata daraja. Wagonjwa kumi na saba kati ya kumi na tisa walikuwa hai. Wa pili aliyefariki alipigwa na kombora akiwa kwenye foleni ya mikate, na figo hazikuhusika. Katika hospitali za mpakani, wodi nyingine ya namna hiyo iliyobaki wazi haikuwepo.

Maji ya bomba yalirudi Alhamisi. Kamanda aliandika upya ratiba kwa mkono wake, mistari ikiwa imepinda, saa nne kila mtu, akaanza kuwafunga. Zilipopita saa tatu, wagonjwa wakaanza kujigeuza na kuguna.

"Bado tu?" Bi Mshonaji akauliza. "Nina suruali tatu za watu zinanisubiri."

"Bado saa moja. Tulia hapo, wala usikunje huo mkono."

"Tulishazoea fupi, sisi."

"Mlizoea kufa polepole. Tulia!"

Walicheka, naye akawafokea wote kwa pamoja, akaingia chumba cha maji akafunga mlango nyuma yake. Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya tenki akisikiliza maji yakiingia. Alimwona Kamanda akishika ukingo wa sinki, mabega yakianza kutikisika. Alinyoosha mkono, akafungua bomba la sinki mpaka mwisho, maji yakavuma chumba kizima, na akaendelea kutazama geji zake mpaka mwenzake alipomaliza.